Cherehani ya mama na mitumba

Mama ni fundi cherehani hapa Morogoro, zamani Idi ikikaribia hatulali, watu wanaleta vitambaa mpaka saa sita usiku, siku hizi anapunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu basi. Wateja siwalaumu jamani, shati zuri la mtumba unalipata kwa bei ya chini kuliko kitambaa chenyewe. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019, Marekani wakatishia kututoa kwenye AGOA, ule mpango wao wa kuruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwao bila ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda wakakaza na 2018 wakasimamishwa kuuza nguo kule bila ushuru. Roho inaniuma kweli, pamba tunalima wenyewe Simiyu na Shinyanga halafu nyingi inaondoka ikiwa marobota. Mama bado anaipaka cherehani mafuta kila Jumamosi.