Nyanya za masika yale

Jana mvua ilikuwa inanyesha, na binti yangu, ambaye siku hizi ana swali kwa kila kitu isipokuwa hesabu zake, akasimama mlangoni akauliza: "Mama, mbona masika sisi hatupandi nyanya? Maji si yanashuka ya bure?" Nikamwambia amuulize Babu. Babu, aliyekuwa ametega sikio nyuma ya gazeti, akamwambia amuulize mama yake. Swali likafia hapo kwa wao wawili. Mimi nililala nalo.

Hakumbuki kitu. Alikuwa mdogo mno, ingawa siku ile ndiye aliyelia kuliko sisi wote.

Bustani yenyewe mnaijua, nimeshawachosha nayo: kipande kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani, hatua nane kwa tano, na hatua zenyewe ni hizi zangu fupi. Asiyewahi kulima mjini hudhani shida ya bustani ndogo ni udogo. Udogo unazoeleka. Shida ni kuta. Kiangazi ukuta unakunywa jua kutwa, halafu usiku unalitapika, mimea isipate hata saa mbili za kupumua. Nyanya zinachanua vizuri tu, kisha maua yanadondoka pamoja na vikonyo vyake, kwa sababu mchana ukipita nyuzijoto 32 na usiku nao ukakataa kupoa, chavua inakosa nguvu na ua halishiki tunda. Kipupwe, jua linapohamia upande wa pili wa anga, kivuli kinatambaa hadi katikati ya tuta na kukaa hapo, na kila kilichopandwa upande ule kinarefuka kikitafuta mwanga. Na masika, upepo haupiti. Shamba lililo wazi mvua ikikatika, upepo unapita na majani yanakauka upesi. Kwangu jani lililolowa alfajiri unaweza kulikuta saa sita mchana bado linadondosha maji.

Baba alilijua hilo juma lilelile alilohamia kwetu. Alizunguka bustani mikono mgongoni, akaugusa ukuta, akaangalia juu, akasema, "Hapa hewa imesimama." Mimi nikadhani ni manung'uniko ya mzee aliyezoea ekari. Tena wakati huo nyanya zangu zilikuwa zinapendeza. Nilikuwa nimepanda zile ndefu zinazopanda mti, nikazisimikia fito, nikazifunga kwa kamba ya katani, na kila jioni nilikuwa nakata machipukizi ya kwapani mpaka vidole vinakuwa na rangi ile ya kijani iliyoelekea weusi, ambayo ukinawa kwa sabuni maji yanageuka manjano. Nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao, alikuwa anakuja asubuhi kung'ang'ania maua na kuyatikisa kwa mngurumo mpaka unga wa chavua unamwagika. Ua la nyanya linataka kutikiswa, halihitaji zaidi. Nilijifunza kwake nikawa natikisa mwenyewe kwa kidole siku asipofika. Matunda yakaingia, yakajaa, yakaanza kung'aa. Binti yangu akajitwalia shina la mwisho karibu na bomba, akatangaza kwamba lile ni lake na asiguse mtu.

Kisha mvua ikaingia kwa namna ile ya kutokata. Si mvua ya radi ikapiga ikaondoka, ni ile ya baridi, ya mawingu mazito na manyunyu, asubuhi, mchana, usiku. Nguo haziku­kauka kwenye kamba na hakuna aliyejali, maana nyanya zilikuwa zinakunywa.

Asubuhi mvua ilipopumzika nikasikia Baba ananiita.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Njoo hapa. Chukua hii miwani."

Akanivua ya kwangu ya kawaida akanivisha yake ya kusomea, bila hata kuniuliza. Alikuwa ameinama kwenye shina la tatu, ameshika jani moja la chini kwa vidole viwili. Upande wa juu kulikuwa na baka lililolowa, rangi yake si kijani si kijivu, katikati limeanza kuwa kahawia. Nikamwambia majani ya chini huwa yanazeeka hivyo. Hakujibu. Akaligeuza jani taratibu. Upande wa chini, pembezoni tu mwa lile baka, pale penye mpaka wa jani zima na jani linalokufa, kulikuwa na utando mweupe mwembamba kiasi kwamba ukitazama moja kwa moja unapotea, ukiinamisha kichwa kidogo unarudi. Nikasogea kuuona vizuri. Baba akanivuta bega.

"Usiupumulie."

Nikabana pumzi. Tukakaa hivyo, mimi na miwani isiyonifaa, yeye na jani mkononi, maji yakitiririka kutoka kwenye bati la jirani. Akanionyesha na kikonyo cha tawi lililo kando yake: doa la kahawia lililoiva, limezunguka nusu ya tawi. Sikuwa nimeliona, na jana yake jioni nilikuwa nimefunga kamba sentimita chache tu juu yake.

"Ukungu umeingia," akasema. "Zinatoka zote."

"Ni jani moja, Baba."

"Ni moja uliloliona."

Mabwana shamba huuita bakajani chelewa. Nikamwambia nitakata majani yenye mabaka, nitapiga dawa ya shaba, mvua ikikata mambo yatatulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana Baba si mtu wa kukatiza. Akasema shaba inazuia jani zima lisiingiliwe, ila lililokwisha kuingiliwa haliponyi, na kwamba kwa hewa hii tutakuwa tunakata majani kila siku mpaka tubaki na fito. Nikamwambia matunda yamebakiza muda mfupi yaive. Akasema anajua. Nikamwambia kule kwake ilikuwa ekari, kupoteza mstari mmoja ni kitu kidogo, kwangu mstari huu ndio shamba. Hapo akanyamaza kidogo, akasema anajua na hilo pia.

Akakataza tusing'oe chochote mpaka majani yakauke, kwa sababu kuyatikisa yakiwa yamelowa ni kumwaga ugonjwa bustani nzima. Kwa hiyo tukangoja. Ule ndio ulikuwa muda mbaya kuliko wote, kungoja, kwani nilikuwa na nafasi ya kukataa na nikawa naitafuta sauti ya kukatalia nisiipate.

Jua lilipojitokeza kwa kusitasita, Baba akaja na magunia. Akakata kamba za katani moja baada ya nyingine, akachomoa fito, halafu akaufunika mmea wa kwanza kwa gunia kutoka juu, polepole, anakusanya matawi ndani kwa viganja, kama mtu anayemvisha mtoto aliyelala nguo asimwamshe. Alipofika chini akakaza mdomo wa gunia kuzunguka shina. Akatoa kisu mfukoni. Nikadhani atakata. Akanielekezea mpini.

"Bustani ni yako. Kata wewe."

Shina la nyanya iliyokomaa ni gumu kwa nje na kwa ndani ni maji. Kisu kilikwama kwanza kwenye ganda, nikakandamiza, kikaingia ghafla hadi kwenye udongo. Harufu ikapanda, ile ya majani ya nyanya, kali, ambayo siku nyingine naipenda kuliko manukato. Ndani ya gunia nikasikia matunda yakigongana. Baba akaliinua bila neno akahamia shina linalofuata, akafunika, akakaza, akanisubiri.

Nilikata yote. Nilipofika shina la mwisho karibu na bomba, binti yangu akalikumbatia gunia akapiga kelele kwamba la kwake haliumwi. Na kwa kweli, kwa macho, lilikuwa halina hata doa. Nikamtazama Baba. Baba akatazama ukutani. Nikakata.

Mpaka leo sijui nilikata kwa kuwa nilimwamini au kwa kuwa mtu hamwambii baba yake hapana mbele ya mjukuu wake. Nikijiuliza siku ambazo bustani inapendeza, napata jibu moja. Siku nyingine napata lingine.

Magunia aliyafunga, akayaweka juani juu ya saruji mpaka kila kitu ndani kikawa uji mweusi, wala hakukubali hata jani moja liende kwenye mboji. Matunda mabichi yasiyo na alama nilimwomba nibaki nayo, nikayapanga dirishani juu ya gazeti. Baadhi yakaota baka la kahawia, gumu, la mafutamafuta, likatembea mpaka tunda zima likawa rangi moja. Mengine yakaiva, machachu. Kila upande ukapata ushahidi wake.

Usiku ule nilikesha kwenye simu nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba alikosea. Nilichokuta ni kwamba kimelea hiki, ambacho kwa kweli hata si kuvu halisi ingawa kinafanana nazo, ndicho kilichoangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa katika miaka iliyofuata kwa njaa na maradhi. Viazi mviringo na nyanya ni ndugu, na ugonjwa haubagui ndugu. Vijimbegu vyake husafiri kwa upepo kilomita nyingi na kwa matone ya mvua kutoka jani hadi jani, vinataka ubaridi na jani linalokaa limelowa kwa saa kadhaa, na baada ya siku chache tu jani lililoambukizwa linazaa vingine. Jua kali na ukavu ndivyo vinavyovikomesha. Nilisoma mpaka macho yakauma. Hapakuwa na mahali palipoandikwa uwezekano wa shina moja lililo karibu na bomba.

Tangu hapo kalenda yetu ikapinduka. Masika tuta lile ni la mchicha na maharage, ambayo ukungu huu hauna habari nayo. Miche ya nyanya naiweka kitaluni mvua zikiwa zinaishia, ili ichanue kipupwe, usiku ukiwa umepoa na majani makavu. Nayo napanda upande ambao kivuli hakiufikii, nusu ya idadi ya zamani, mbalimbali kiasi cha mtu kupita katikati, na matandazo ya majani makavu chini ili matone yasirushe udongo kwenye majani. Yale ya chini kabisa nayaondoa mapema. Vuli najaribu tena chache, kwa ubishi zaidi kuliko hesabu. Kiangazi naacha pilipili zitawale, wao na ukuta wanaelewana.

Sehemu ambayo sijamsimulia binti yangu, na ndiyo iliyonifanya nisijibu jana, ni ya bakuli.

Jirani alikuwa na nyanya pia masika yale. Makopo mawili tu, ameyaweka barazani kwake, ng'ambo ya ukuta uleule. Hakung'oa. Hata hakujua kuna ugonjwa. Niliposimulia, akashika kiuno akacheka. Na zake hazikufa. Zilizaa mpaka mvua zikaisha, na siku moja akatuma bakuli juu ya ukuta, nyekundu kabisa, bado zina vikonyo. Binti yangu akazipokea kwa mikono miwili. Nikaziweka mezani mbele ya Baba, nikakaa kumtazama. Nakiri niliweka kwa makusudi, na niliziweka karibu yake kuliko ilivyohitajika.

Akachukua moja, akaigeuza, akatazama kitakoni.

"Za kwake ziko chini ya bati," akasema. "Hazilowi majani."

"Kwa hiyo zetu zingepona tukiweka bati?"

"Zetu zilikuwa kwenye tuta. Nani anaezeka tuta?"

"Au ukungu haukuwa mwingi kiasi hicho, Baba."

Akatafuna kwanza. Akasema ukungu wa kuvuka ukuta ungetoka kwetu, hakuna pengine karibu palipokuwa na nyanya nyingi hivyo, na kwa kuwa tulikata zetu mapema, hizi zikapona. "Kwa hiyo kwa hesabu," akasema, akivuta bakuli upande wake, "hizi ni zetu."

Jirani naye anasema ni majivu anayonyunyizia kila Ijumaa. Baba anasema majivu hayana kosa. Juzi nimewaona wakibishana tena ukutani, Baba amesimama juu ya ndoo ili amfikie jirani, na makopo mawili bado yako barazani, masika haya, yana maua.