Kuhe mwenye miguu ya korongo

Mzaha wa sanamu ya kiumbe cha ajabu uko kwenye mifupa yake, rangi huja kuunogesha tu. Kuhe, yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika, akitembea kwa miguu mirefu ya korongo atachekesha hata akiwa bado ni waya na magazeti, ilimradi asimame. Akianguka kifudifudi kila mlango unapofungwa, utachoka kumwokota kabla hujafika kwenye kupaka rangi. Kwa hiyo tuanze na uzani.

Mwili ni chupa tupu ya maji ya lita 1.5, mdomo wa chupa ukiwa ndio mdomo wa samaki. Kizibo kitupe. Chupa iliyofungwa ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka na kupasua karatasi ulizobandika juu yake. Plastiki nayo inateleza, gundi haiishiki, hivyo izungushie kipande cha wavu chakavu wa dagaa (pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, havikosekani) kisha ukikaze kwa waya wa kufungia nondo. Sasa tengeneza kichwa kabla ya miguu (udongo wake nitaueleza kwenye macho). Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo kuhe wao anapoanza kuinamia mbele kama anatafuta senti. Kichwa kikiwa na gololi mbili za macho na midomo minene kinakuwa kizito kuliko mkia. Kikishakauka, mning'inize samaki kwa uzi mmoja, usogeze uzi mbele na nyuma mpaka alale sawa. Hapo uzi ulipo ndipo miguu inapokaa, hata kama kwa macho panaonekana pako mbele mno.

Miguu yote miwili ni nondo moja ya milimita 6, urefu wa mita 1.2. Ikunje katikati ipande juu ya mgongo wa chupa kama tandiko la punda, ishuke pande zote mbili, sentimita 35 kila mguu, ipite kwenye matundu mawili ya ubao, halafu ncha zake zikunjwe chini ya ubao sentimita 10 kila upande na kupigiliwa misumari ya U. Ukitumia vipande viwili, kila mguu utajizungusha peke yake na mwili utayumba. Ubao wa sentimita 30 kwa 25 unatosha, wa mninga ukiupata, kwa sababu ya uzito wake. Vidole vya korongo, vitatu mbele na kimoja nyuma, ni waya wa kuzungushia tu; havibebi kitu. Kabla ya karatasi, paka chuma chote rangi ya mafuta na uiache ikauke. Usipofanya hivyo, maji ya gundi yataleta kutu, na kutu hupenya hadi juu ya rangi nyeupe ikaacha madoa ya kahawia.

Gundi ya kubandikia ni uji wa muhogo. Koroga kikombe 1 cha unga uliochekechwa vizuri kwenye kikombe 1 cha maji baridi, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, songa kwa dakika 5 hivi hadi uache weupe uanze kung'aa. Ukipoa, ongeza robo kikombe ya gundi nyeupe ya mafundi seremala na matone 5 ya mafuta ya karafuu, yapunguze ukungu. Wapo wanaotia chumvi. Chumvi, hata iwe ya hapa hapa Uvinza, huvuta unyevu, na masika ikifika sanamu inakuwa na ngozi ya kunata. Mrututu (salfeti ya shaba) nao huzuia ukungu kweli, lakini ni sumu na unakula chuma. Weka mbali. Uji huu ukae siku mbili tu. Ukianza kunuka uchachu, mwaga.

Karatasi ichanwe kwa mkono iwe vipande vya upana wa sentimita 2 au 3. Ukikata kwa mkasi, kingo kali zitaonekana hadi mwisho. Tabaka la kwanza ni gazeti, la pili ni karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri, kisha gazeti tena, hadi ufike matabaka matano. Kaki ni ngumu kuliko gazeti, na tofauti ya rangi inakuonyesha ulikoruka. Usipite matabaka mawili kwa siku. Ukijaza yote kwa mkupuo, juu panakauka na ndani panabaki mbichi, halafu panavunda. Kausha kivulini penye upepo wa ziwani; jua la saa sita hukaza ngozi ya nje upesi na kuipinda. Ili kujua kama amekauka, mguse kwa shavu: akiwa baridi, bado ana maji.

Mapezi na mkia ni fremu za waya zilizoshonewa wavu kwa uzi. Gundi nyeupe haishiki nailoni, kwa hiyo bandika tishu pande zote mbili, karatasi ikutane na karatasi kupitia matundu ya wavu.

Macho ndiyo yanayotaka subira kuliko yote. Loweka trei ya mayai usiku kucha, ikamue, isagesage, uchanganye vikombe 2 vya rojo hiyo na nusu kikombe ya gundi nyeupe. Huo ndio udongo wako wa kope na midomo. Weka unene wa milimita 5 kwa mara moja. Zaidi ya hapo utapasuka kwa kusinyaa. Kope ikikata gololi katikati kwa mstari ulionyooka, kuhe ana usingizi. Ikiinamia puani, amekasirika. Ukiacha gololi yote wazi, anakuwa na mshangao wa mtu aliyedaiwa hadharani. Chagua sura moja, na uiache ile ile bila kuongeza pembe, mabawa wala kofia. Miguu imeshatia chumvi ya kutosha.

Magamba ni maganda ya mise, yaani kokwa za mchikichi. Yana mafuta, na gundi haikai juu ya mafuta, kwa hiyo yachemshe kwa maji ya sabuni dakika 20, suuza, anika siku mbili. Bandika kwa gundi ya mirija miwili kuanzia mkiani kwenda kichwani, kila safu ifunike ncha ya iliyotangulia kama vigae. Yakae mgongoni tu, maana ni mazito. Wavuvi wa Ujiji watakukumbusha kwamba kuhe wa kweli ana magamba madogo sana. Wako sahihi, lakini kuhe wa kweli hana magoti.

Rangi nyeupe ya maji mikono miwili, halafu njano, halafu madoa meusi ubavuni. Vanishi isubiri siku tatu baada ya rangi, maana ikifungia unyevu ndani inatoa malengelenge. Ipake hadi chini ya ubao, mchwa huanzia huko. Na ukimsafirisha, mshike kwenye nondo, usimshike mkia.