Safari ya Misri, na jua la dakika chache

Hii safari ilianza kama utani jamani. Mwezi wa sita tulivunja kibubu tukakuta hela zimezidi tulivyodhani, Baba Kelvin akasema basi twende Misri, mi nikacheka, yeye hakucheka. Toka siku hiyo nalala na daftari chini ya mto.

Mwezi wa kwanza hauguswi, ni wa ada, kila mzazi anaelewa. Kiangazi chao ndo kabisa, Luxor mwezi wa saba joto linapita digrii 40, si utaiva huku unasimama. Kwahiyo tukasema mwezi wa pili, jua lipo ila halichomi hivyo, usiku tu ndo ubebe sweta. Na nilivyokuwa nachimba chimba mambo ya mwezi wa pili ndo nikakutana na Abu Simbel, hapo bajeti yote ikageuka.

Ni hekalu la farao Ramesses wa Pili, limechongwa ndani ya mwamba kule kusini kabisa karibu na Sudan, lina miaka zaidi ya 3,000. Mara 2 kwa mwaka, tarehe 22 mwezi wa pili na 22 mwezi wa kumi, jua likichomoza linapenya mlangoni mpaka chumba cha mwisho kabisa, kuna sanamu 4 zimekaa kule ndani, linamulika 3, ya mungu wao Ptah inabaki gizani. Dakika chache tu basi. Alafu sikia hii, walivyojenga lile bwawa kubwa la Aswan hekalu lilikuwa linazama, kati ya 1964 na 1968 wakalikatakata vipande wakalipandisha mita 65 juu wakaliunganisha upya, na jua bado linaingia!

Baba Kelvin akaniuliza, yani tupange siku 9 zote kwa ajili ya jua la asubuhi moja? Nikamwambia ndio.

Sasa kitu kikawa lazima kitoke. Yeye alikuwa anaitaka Hurghada, ufukweni, mimi nikaifuta kwa peni mbele ya macho yake maana bahari ipo Kigamboni kwa hela ya pantoni. Alinuna mpaka chai ikapoa. Kuna wakala mmoja alitutumia mpango wa siku 7 miji 6, nikauangalia nikaona hiyo sio likizo hiyo ni kukimbiza mwenge. Sisi Cairo siku 2, piramidi za Giza na lile jumba jipya la makumbusho lililofunguliwa rasmi mwezi wa 11 mwaka 2025 ambapo wameweka vitu vya yule farao Tutankhamun zaidi ya 5,000, alafu treni ya usiku mpaka Luxor, siku 3 pale bila haraka, makaburi ya wafalme na mahekalu ya Karnak, ndo tushuke Aswan. Chakula sina wasiwasi, kuna kitu kinaitwa koshari, wali, dengu na makaroni sahani moja, juu kitunguu cha kukaanga na sosi ya nyanya, Baba Kelvin anasema ni kiporo cha jana kilichopewa jina. Tutaona.

Nilimpigia mama Mwanza kumwambia, akauliza si ndo huko yanakokwenda maji ya ziwa letu? Nikamwambia ndo huko, yanatokea Jinja yanapita Sudan mpaka Misri. (Mengi yanayofika kule ni ya Ethiopia, ila hilo sikumwambia.) Akanyamaza kidogo, akasema basi ukiyakuta yasalimie mwanangu.

Tatizo lililobaki ni pa kulala. Pale Abu Simbel ni padogo na usiku wa tarehe 21 kila mtu anataka chumba, kutoka Aswan ni kama kilomita 280 sasa ukilala Aswan inabidi utoke usiku wa manane. Nimewaandikia hoteli moja toka juzi hawajajibu, kila simu ikilia naacha mboga jikoni nakimbia. Leo imeungua mchicha.