Mchango wa kwanza niliurudisha

Nilianza vibaya. Nilitembelea shule moja yenye darasa la watoto wasioona, nikampiga picha msichana akipapasa daftari lake, na usiku huohuo nikaisambaza kwenye makundi yote ya simu niliyomo: "Tuwasaidie wasiojiweza." Kulipokucha michango ilikuwa inamiminika. Kabla ya saa sita mama yake yule msichana akanipigia. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Picha ya mwanangu alikuruhusu nani kuipiga? Na huko kutojiweza umekuona wapi, mtoto ambaye ni wa pili darasani?"

Sikuwa na jibu. Nikafuta picha, nikaomba radhi, nikamrudishia kila mtu fedha yake. Kurudisha kulinichukua siku nne za aibu tupu. Ajabu ni kwamba siku hizo nne ndizo zilizofanya watu waniamini baadaye.

Mara ya pili nilikwenda mikono mitupu, nikamwuliza mwalimu wao wa elimu maalumu: mnakwama wapi? Akanifungulia kabati. Lilijaa wanasesere wenye vumbi, zawadi za wageni kama mimi. Mashine za nukta nundu (maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, kila herufi ikiwa na nafasi ya nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia) zilikuwa tatu kwa wanafunzi tisa, na mbili kati ya hizo zilikuwa mbovu. Wengine waliandika kwa kibao na msumari mdogo.

Sikujua kwamba kwa kibao unatoboa karatasi kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha unaigeuza ndipo usome. Hebu fanya hesabu ya kujumlisha kwa namna hiyo! Kila ukitaka kujua umefika wapi, uchomoe karatasi, uigeuze, upapase, uirudishe palepale ilipokuwa. Mashine ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na nundu hutokeza upande wa juu, kwa hiyo mtoto husoma palepale anapoandika.

Tangazo la pili halikuwa na picha wala neno la huruma. Lilitaja vitu vitatu: matengenezo ya mashine mbili, karatasi nene (kwenye nyepesi nundu hubonyea upesi zikishapapaswa), na watu wa kunakili vitabu kwa nukta nundu. Mweka hazina tulimchagua yule mama aliyenipigia simu. Akakubali kwa sharti moja, kwamba kila stakabadhi wachangiaji waione siku hiyohiyo. Fedha zilikuja polepole kuliko mara ya kwanza, nakiri. Huruma ina mbio. Lakini zilitosha. Mashine moja haikugharimu kitu: fundi cherehani aliyesoma tangazo alikuja mwenyewe, akaifungua, akakuta mafuta yaliyogandamana na vumbi. Ya pili ilitaka kipuri, na hicho ndicho kilichokula sehemu kubwa ya mchango.

Kazi ilikuwa kupata watu. Waliitikia thelathini, siku ya kwanza wakafika kumi na mmoja, baada ya mwezi tukabaki watano. Siwalaumu. Kuchanga ni dakika moja, kunakili ni kila Jumamosi.

Tulijifunza kusoma nukta kwa macho. Mfaransa Louis Braille aliubuni mfumo huu mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15, na kaupanga kwa akili sana: herufi kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu tu, na kumi zinazofuata ni zilezile zikiongezewa nukta ya chini kushoto. Ukishika kumi umeshika ishirini. Balaa ni w. Kifaransa cha wakati wake hakikuihitaji, ikaja kuongezwa baadaye nje ya mpangilio. Sasa sisi wa Kiswahili tutaandika ukurasa gani usio na w? Tena w ni r iliyogeuzwa, kama unavyoiona kwenye kioo.

Sura ya kwanza tuliyoikamilisha tulimpa yule msichana aikague, safari hii kwa ruhusa yake na ya mama yake. Vidole vilipita mistari mitatu, akaangua kicheko.

"Mwalimu, hawa ratoto ndio kina nani?"

Ukurasa ule nilikuwa nimeuandika mimi. Niliurudia wote, na tangu siku hiyo hakuna karatasi yetu inayofungwa kitabuni kabla haijapita vidoleni mwake.