Bidii ya muuguzi ina mipaka
Tangu nihamishiwe wodi ya upasuaji, nimeacha kuamini kwamba utendaji wa muuguzi hutegemea bidii yake peke yake. Nikiwa na wagonjwa wachache, hupima presha kwa wakati na kukagua vidonda ipasavyo. Wanapozidi, kinachoachwa kwanza ni mazungumzo, kisha kumgeuza asiyejiweza, na hapo ndipo vidonda vya kulala muda mrefu huanzia. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ulihusisha kila mgonjwa wa upasuaji anayeongezwa kwa muuguzi na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa wagonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa. Mshahara una uzito wake, sikatai, lakini msimamizi anayesikiliza na glavu zisizoisha katikati ya zamu hunisaidia zaidi.