Kilwa Kisiwani, Julai 1505

Mwaka niliokuwa naufuata nilipopanda basi la Kilwa pale Mbagala Rangi Tatu ni 1505. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa muda mrefu, na karibu kila mwandishi huanzia Ulaya. Papa Julius II amemwita Michelangelo Roma amjengee kaburi. Leonardo da Vinci yuko Florence akichora vita ukutani, huku akijaza daftari lake maelezo ya jinsi ndege wanavyoruka. Ivan III wa Moscow anafariki mwezi Oktoba. Huko China amekufa mfalme Hongzhi, na kiti kimekaliwa na mwanawe wa miaka 13. Kilwa, ikibahatika kutajwa, hupewa mstari mmoja: ilitekwa na Wareno. Nilitaka kufika ulikotoka mstari ule.

Safari yenyewe si ngumu. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003 watu walivushwa kwa kivuko, na wazee wa kusini bado wanasimulia adha za masika. Tukapita Somanga, na Nangurukuru tukakunja kushoto kuelekea baharini.

Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, unalipia kibali, unapewa mwongozaji, unatafuta boti. Wangu alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Kisiwani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umekuja kuona magofu au umekuja kusikiliza?" Nikamwambia yote mawili, ila hasa nataka anioneshe waliposhukia Wareno. Akacheka kidogo, akasema twende, maji yasije yakatuacha.

Ukiwa katikati ya mlango ule wa bahari unaelewa haraka kwa nini bandari hii ilitamaniwa. Maji ni ya kina, kisiwa kinakinga mawimbi, na chombo kikubwa kinaweza kutia nanga jirani kabisa na nchi kavu. Francisco de Almeida aliondoka Lisbon tarehe 25 Machi 1505 na merikebu zaidi ya 20 na askari wapatao 1,500, akiwa ameteuliwa na mfalme Manuel I kuwa gavana wa kwanza wa Ureno huko India. Tarehe 22 Julai alikuwa hapa. Amiri Ibrahim, aliyekuwa akiitawala Kilwa, hakwenda kumwona. Miaka mitatu nyuma Vasco da Gama alikuwa amekwisha kumtisha na kumlazimisha kutoa kodi ya dhahabu. Alfajiri ya tarehe 24 askari wakashuka pwani kwa makundi mawili, moja likiongozwa na Almeida mwenyewe, la pili na mwanawe Lourenço. Amiri akavuka kwenda bara.

Yaliyofuata tunayajua kwa sehemu kubwa kutokana na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika mojawapo ya merikebu zile. Anaeleza kwamba mapadri Wafransisko walishuka na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa shukrani mpaka jumba la mtawala. Msalaba ukasimikwa, Almeida akasali. Baada ya sala, mji ukaporwa. Mayr hakuona haya kuyaandika hayo yakifuatana hivyo, na mimi, nikiwa nimesimama kwenye mchanga uleule chini ya Gereza, ngome ya pwani, nilihisi hasira ambayo sikutarajia kuihisi kwa jambo lililotokea miaka zaidi ya 500 iliyopita.

Gereza lenyewe, kwa jinsi linavyoonekana leo, ni kazi ya enzi za Waomani, lililoinuliwa mahali palipokuwa na ngome ya Wareno. Ngome hiyo waliipa jina la Santiago, na ili kuipatia nafasi walibomoa nyumba za watu zilizoizunguka. Bahari imeshakula upande mmoja wa ukuta. Mzee alinionesha mawe ya matumbawe yaliyoanguka majini, akayaeleza moja baada ya jingine kana kwamba anataja majina ya ndugu zake.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Msikiti Mkuu, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Sehemu yake ya kaskazini ni ya kale zaidi. Ile ya kusini, pana, yenye nguzo na kuba, iliongezwa baadaye Kilwa iliponeemeka kwa dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo. Mayr aliuona, na aliufananisha na msikiti wa Cordoba. Aliandika pia habari za nyumba za ghorofa zilizopakwa chokaa, njia nyembamba, minazi, michungwa, miwa, asali. Watu wale walikuwa na mji. Mchana ule mwanga ulikuwa ukishuka kupitia kuba zilizobomoka, mbuzi wawili wamejilaza kwenye kivuli, na mzee akaniambia, "Keti hapo, mwanangu, usikie upepo unavyopita." Nikaketi.

Nilimkumbuka mtu mmoja ambaye jina lake halijulikani: yule aliyeandika historia ya masultani wa Kilwa kwa Kiarabu. Anasema alizaliwa mwaka 904 wa Hijra, yaani 1499. Askari wa Almeida walipoingia, alikuwa mtoto wa miaka sita. Katika watu wote wa mwaka ule ninaowasoma, yeye ndiye ninayetamani zaidi kumjua.

Kuna jambo jingine nililomsimulia mzee tukiwa njiani kuelekea Husuni Kubwa, lile jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye birika la pembe nane juu ya mwamba. Safari ya Almeida haikulipiwa na Wareno peke yao. Wafanyabiashara wa Augsburg, akina Welser na Fugger, walitia fedha zao humo wakitegemea faida ya pilipili. Tarehe 17 Julai, wiki moja tu kabla ya Kilwa kuvamiwa, kijana wa miaka 21 aitwaye Martin Luther aliingia utawani Erfurt, kwa nadhiri aliyoiweka radi ilipompiga hofu njiani. Baadaye nyumba hiyohiyo ya Fugger ilimkopesha Albrecht wa Brandenburg fedha za kuupata uaskofu mkuu wa Mainz, na deni likawa linalipwa kwa mauzo ya vyeti vya rehema, yaani vya kusamehewa adhabu za dhambi, vyeti ambavyo Luther alivipinga mwaka 1517. Fedha zilizotafuta faida katika safari iliyoipiga Kilwa na fedha zilizoliwasha kanisa la Ulaya zilitoka mkoba mmoja. Ndiyo maana siukubali ule mstari mmoja.

Almeida alimweka Muhammad Ankoni kuwa mfalme, akamvika taji la dhahabu lililokusudiwa kwa mfalme wa Cochin huko India, kisha akaenda Mombasa. Huko walipigana vikali mwezi Agosti, na mji ukachomwa moto. Muhammad aliuawa mwaka uliofuata. Wareno wenyewe waliihama ngome yao ya Kilwa mwaka 1512.

Tukiwa kwenye boti kurudi Masoko mzee aliniuliza ile dhahabu ya Amiri Ibrahim iliishia wapi. Nikamfungulia picha kwenye simu: chombo cha ibada cha Belém, kilichofuliwa kwa amri ya Manuel I, kikakamilika 1506, na leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kale, Lisbon. Mwaka mzima wa 1505 dhahabu hiyo ilikuwa Ureno tayari. Kwenye kitako chake yamechorwa maneno yanayosema kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Akaikuza picha kwa vidole, akaitafuta "Qilva", yaani Kilwa kwa maandishi ya Wareno, mpaka akaiona. Akanitajia namba yake nimtumie, maana wageni wengine walikuwa wanakuja kesho asubuhi na alitaka kuanza nayo pale Gereza.