Siku moja na njia za Ngezi

Panga nalinoa usiku, ili alfajiri tupa isiwaamshe watoto. Jumamosi iliyopita nilitoka msikitini, nikavaa mabuti ya mpira, nikapanda baiskeli kutoka Konde kuelekea msitu wa Ngezi, huku kaskazini mwa Pemba, barabara nzima ikiwa yangu peke yangu. Wageni walikuwa waje saa 3. Watu wanamjua mtembeza wageni kuwa ni mtu wa kutangulia mbele na kueleza. Hawamuoni anapoanza, kwa sababu saa hizo wamelala. Kazi inaanza na njia. Ngezi ukiuachia wiki mbili za mvua bila ya kupita mtu, njia inamezwa, hata mimi niliyeipita mara nyingi nasimama kuitafuta.

Saa 12:20 asubuhi nilikuwa ndani. Kwenye vilele mwanga umeshaingia, chini bado kiza. Sheria yangu ya panga ni moja: nakata kinachomzuia mtu, basi. Mtambaa uliokaa usawa wa kifua naukata. Mche ulioinamia njiani nauinua nauegemeza upande wa pili. Karibu na kona ya pili kuna mpapindi mmoja mchanga ambao makuti yake yanapenda kulala njiani. Nimeyafunga nyuma kwa kamba ya usumba na kila wiki naikaza upya. Mpapindi ni wa jamii ya minazi, na kwa asili hauoti popote duniani ila hapa Pemba. Jamaa zake karibu wote wako Madagaska. Mti wa namna hiyo haupigwi panga eti kwa sababu tu umekulowesha shati.

Kwenye kijito nikakuta shida. Daraja letu ni magogo matatu yaliyolazwa pamoja, na la kati limeoza. Kwa macho ni zima kabisa. Nilipopiga magoti nikalibonyeza, kidole gumba kiliingia mpaka fundo la kwanza, yakatoka maji ya rangi ya chai na mchwa wawili watatu. Sikuwa na gogo jengine, na gogo haliokotwi njiani. Nikafunga kitambaa chekundu juu yake ili siku ile tukanyage ya pembeni tu.

Hatua chache mbele ya daraja, kisiki kipya. Unene wa kifundo cha mkono wangu. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika, na vibanzi vyeupe vimetawanyika juu ya majani makavu, havijabadilika rangi. Kwa hiyo ni usiku uleule. Boriti hiyo inakwenda kwenye nyumba ya mtu, naelewa, na mtu huyo huenda nasali naye safu moja. Lakini nilichuchumaa pale kwa muda moyo ukiniuma. Ngezi ndicho kipande kikubwa kabisa cha msitu wa asili kilichobaki Pemba. Vyengine vingi vimegeuka mashamba, hasa ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, ya huku ikapona, na Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Ukiona kisiki kimoja kibichi katika kilichobaki, huwezi kusema ni mti mmoja tu. Nikapiga picha, nikampelekea askari wa msitu.

Saa 1:30 nilikuwa bondeni. Kambi yetu ni kiwanja chini ya miembe, ukingoni mwa bonde la mpunga la babu yangu, nje ya mpaka wa msitu. Mahema manne, choo cha makuti, pipa la maji. Babu alikuwa juu ya dungu lake anaamia ndege, maana mpunga wa mwisho ulikuwa haujavunwa.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Wageni wako leo ni Wazungu?”

“Waswahili. Baba, mama na mtoto wa kike kutoka Mjini Unguja, na vijana wawili wa Dar.”

Akafurahi waziwazi. “Wapikie muhogo wa nazi,” akasema. “Wasije wakenda kusema Pemba tumewalaza na njaa.” Muhogo tayari ulikuwa jikoni, mke wangu kaamka nao. Tukanywa chai ya mdalasini mimi na babu, yeye akikatisha maneno kila baada ya muda kupiga kelele kwa ndege.

Saa 3 wageni wakafika kwa gari iliyokodiwa Wete, wakaandikwa kwenye daftari pale mlangoni, tukaingia. Njia fupi inaweza kumalizwa kwa nusu saa. Mimi naitembea kwa saa mbili na nusu, na sioni haya kumwambia mtu apunguze mwendo. Mtu anayekwenda haraka Ngezi anaona miti tu. Ninga, njiwa wetu wa kijani, anakaa katikati ya majani ya kijani na hatikisiki. Ukimpata, umempata kwa matunda anayoyaangusha. Tulisimama chini ya mkuyu, nikawaambia wanyamaze wasikilize. Tap. Kimya. Tap, tap. Mtoto ndiye aliyemuona kwanza.

“Ami, mbona njiwa huyu kwetu Unguja hayupo?”

Swali hilo nalipenda kuliko yote. Nikamwambia Unguja ilikuwa imeungana na bara mpaka miaka kama elfu kumi iliyopita, wanyama wakaja kwa miguu. Pemba haikuwa hivyo. Kati yetu na bara kuna mkondo wenye kina cha mita 800 hivi, na kisiwa hiki kimekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Ndege waliovuka wakabaki, wakabadilika, wakawa wa hapa. Leo tunao wanne wasiopatikana kwengine kokote: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe machoni, na bundi wa Pemba. Baba yake akauliza kuhusu kima punju. Hao si wetu, waliletwa wachache kutoka msitu wa Jozani wa Unguja miaka ya 1970, na kuwaona ni bahati. Tumbili ndio tuliowaona, wengi, na hondohondo wawili waliopita juu yetu kwa kishindo cha mbawa.

Pale darajani niliwasimamisha. Mmoja wa vijana wa Dar alikuja na ndara, kwa sababu aliyewauzia safari aliwaambia ni “matembezi ya ufukweni”. Ndara kwenye gogo bichi ni kuvunjika mguu. Nikamvua, nikamvusha kwa mkono miguu mitupu, na njia yote iliyobaki akavaa mabuti yangu, mimi nikaenda peku. Ukiwapeleka watu msituni waambie ukweli wa msitu: viatu vya kufunga, suruali ndefu, maji ya kutosha. Hilo halikupunguzii wateja.

Adhuhuri tulisali, tukala, watu wakalala.

Saa 9 alasiri tukashika njia ndefu, ile inayotoka msituni kwenda pwani ya Vumawimbi. Ukikaribia unaelewa jina lake kabla ya kuuona mchanga. Miti inapungua urefu, udongo mwekundu unakwisha, upepo wa kusi unakupiga uso, halafu ghafla mchanga mweupe na wavuvi wakiburura ngarawa. Sina mengi ya kueleza pale. Watu wakifika baharini hawahitaji mtembeza wageni, na mimi nakaa chini ya mvinje nipumzishe nyayo.

Saa 12 jioni tulikuwa tumerudi kambini, tukaketi kwenye mabua ya mpunga uliovunwa, nyuso zimeelekea msituni. Jua lilipozama akatoka wa kwanza. Kisha watatu. Kisha sikuweza tena kuhesabu. Popo wa Pemba akikunjua mbawa anafika mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, na anapiga mbawa taratibu, kama mtu anayekunguta shuka. Mtoto alimshika mama yake mkono, ila macho hakuyaondoa. Miaka ya 1990 popo hawa waliandikwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2008 hali yao ikatajwa kuwa afadhali, kwa sababu vijiji viliacha kuwawinda vikaanza kuwalinda.

Babu akashuka kwenye dungu akaja kukaa nasi. “Mimi nimewala,” akasema. “Tukiwatega kwa nyavu. Nyama yake tamu.” Akanyamaza kidogo, popo wakipita. “Nilikuwa sijui kwamba ndio wanaotupandia miti.”

Saa 2 usiku ndiyo ninayoisubiri mimi mwenyewe. Tukarudi msituni, kurunzi moja tu mkononi mwangu, imeelekezwa chini. Kijana mmoja wa Dar akatoa simu, kaweka sauti ya bundi tayari, anataka kumuita. Nikamuomba aizime. Bundi akisikia sauti ile anadhani mwenzake amevamia mahali pake. Anaacha kuwinda, anaacha makinda, anakuja kugombana na simu. Wapo watembeza wageni wanaofanya hivyo kila usiku, na mgeni anaondoka na picha. Mimi sifanyi. Kijana aliizima bila ya kununa, namshukuru.

Tukazima na kurunzi. Kiza cha Ngezi huoni hata kiganja chako. Dakika kumi, mbu tu. Dakika ishirini. Halafu upande wa kulia, karibu sana: “Hu.” Fupi, moja. Kimya. “Hu.” Na kutoka ng’ambo ya kijito mwengine akaitika, sauti yake imepanda kidogo. Nikamsikia mama wa yule mtoto akisema polepole, “Subhanallah.” Hatukumuona bundi. Waliitikiana kama robo saa, na hakuna aliyeniomba niwashe kurunzi.

Nilifika nyumbani saa 4:30. Mke wangu ameniwekea wali na samaki chini ya kawa. Nikala, nikakaa barazani na tupa na panga, na kabla sijamaliza kunoa manyunyu yakaanza kugonga mabati. Kijito kitapanda usiku huu, na lile gogo la kati halitafika asubuhi. Jirani yangu ana mnazi ulioanguka tangu mwezi uliopita. Nikamgongea dirisha kumuomba kipande.